Mara Tisa kwa Usiku

Kishiwa aliniomba nimwandikie usiku wa mtoto wake kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwandiko wangu unasomeka. Nimefanya kazi katika ofisi ya shule ya msingi kwa miaka kumi na tisa, nikitunza rejista na stoo. Ya pili aliisema huku akicheka kidogo.

"Mama Goodhope, mimi nikiandika saa hizo nitaandika uongo. Nitaandika amelala, ili na mimi nipate kulala."

Nyumba zetu hapa Mabwerebwere, mjini Kilosa, zimetenganishwa na ua mfupi wa michongoma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, kijana anayeitwa Nassir, alikuwa amempa karatasi yenye mistari ya tarehe, aandike mtoto anaamka mara ngapi kila usiku. Kishiwa akaweka kikombe cha plastiki kando ya kitanda. Kila mtoto alipoamka, alitupia ndani punje moja ya mahindi. Alfajiri alinipitishia kikombe juu ya ua, nikahesabu, nikaandika, nikamrudishia. Tarehe mbili Juni zilikuwa punje saba. Tarehe tatu, nane. Tarehe nne, tisa. Wiki ile nzima hazikushuka chini ya saba.

Mtoto huyo, Paulo, ana miaka saba. Mama yake alikaa na uchungu siku mbili, na mtoto alipozaliwa hakulia. Ana ugonjwa unaoitwa mtindio wa ubongo, na kifafa pia. Hatembei na hasemi maneno, lakini ukimtania anacheka, na sauti ya baba yake anaijua tangu ikiwa barabarani. Usiku mwili wake hukaza. Mgongo unapinda kwa nyuma, miguu inanyooka na kupishana kama mkasi, naye anaamka akilia. Mama yake humnyanyua, humkanda miguu, humpakata mpaka atulie. Akimlaza tu, baada ya muda kilio kinaanza tena.

Kishiwa ana miaka thelathini na moja. Aliletwa Rudewa akiwa na miaka sita, wakati baba yake aliposhuka na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, na mpaka leo kaka zake wanafuga hapo Rudewa. Yeye huuza maziwa. Hutoka kabla ya jua kwa bodaboda, hurudi na madumu mawili, hukaa sokoni Kilosa mpaka maziwa yaishe, kwa kawaida saa nane mchana. Ni mwanamke mwepesi wa miguu na wa maneno. Wateja wakimuuliza kama ametia maji, huwajibu, "Nimetia, yale aliyokunywa ng'ombe."

Mwezi ule mzaha ulipungua. Asubuhi moja alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, na kabla sijafunga mlango akanipa shikamoo nyingine. Siku nyingine mteja alimkuta amesimama na kipimo mkononi, macho wazi, maziwa yanamwagika kwenye kiatu chake.

Mume wake, Shimba, ndiye mwendeshaji wa mashine ya kusaga iliyo mwisho wa mtaa wetu. Tarehe tisa Juni, saa nne asubuhi, alisimama akisubiri debe la mteja liishe, akasinzia akiwa wima. Mkanda wa mashine ukadaka mkono wa shati. Mteja mmoja alikimbia akaizima. Shati lilichanika hadi begani. Mkono ulitoka na michubuko tu.

Jioni ile Shimba aliwaita mke wake na dada yake. Mimi pia aliniita, kwa kuwa karatasi ya usiku ilikuwa kwangu. Dada yake, Agness, ni mjane wa miaka karibu hamsini, na ndiye anayekaa na Paulo mchana wakati Kishiwa yuko kwenye maziwa. Tulikaa uani. Paulo alikuwa mapajani kwa mama yake, amechangamka kama watoto wengine wanavyochangamka asubuhi.

"Niambie, Mama Goodhope, jana ni ngapi?" Shimba aliuliza.

"Tisa."

"Mara tisa." Alinyanyua mkono uliochubuka tuuone. "Nyumba hii haiwezi kuwa na watu wawili wasiotumia mikono."

Nadhani hata yeye alisikia ubaya wa neno lake, kwa sababu aliendelea kwa sauti ya chini. "Nimeongea na mama. Atakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na moja. Atakwenda na Paulo Mikumi, akae naye mpaka tupumzike."

"Mpaka lini?" Kishiwa aliuliza.

"Mpaka tupumzike."

"Na nani atamgeuza usiku?"

"Mama amelea watoto tisa."

"Tisa waliojigeuza wenyewe, Baba Paulo."

Mama mkwe wa Kishiwa, Bibi Paulina, amepita miaka sabini. Haishi Mikumi penyewe penye lami, ila kijiji cha ndani, mwendo wa pikipiki, pamoja na wajukuu wawili wanaosoma. Kishiwa hakuwa na neno baya juu yake. Hofu yake aliniambia kesho yake kwenye ua, na aliisema haraka kama mtu anayetema kitu kichungu.

"Paulo analishwa amekaa, kijiko kimoja kimoja. Akilishwa amelala chali atapaliwa. Bibi anapika, anachota maji, macho hayaoni vizuri. Akipaliwa, nani atajua? Nitapigiwa simu tu, Mama Goodhope. Nitakuwa sokoni nitapigiwa simu."

Kisha akatoa chupa ndogo kwenye mfuko wa gauni. Ilikuwa dawa ya mafua ya watoto. Mteja wa mashine alikuwa amemwambia Shimba kwamba inaleta usingizi, naye akainunua.

"Umeshampa?" niliuliza.

"Bado. Usiku nimeifungua mara mbili nikaifunga. Kaa nayo wewe. Ikiwa ndani kwangu, nitampa."

Niliiweka juu ya kabati. Tulikubaliana kwamba Alhamisi, siku yake ya kliniki, niende naye nisome karatasi mbele ya Nassir. Shule ilikuwa imefungwa. Agness alisema naye atakuja, kwa sababu Paulo alikuwa mzito na njia ya kutoka kituoni ina mteremko.

Alhamisi tarehe kumi na mbili tulikuwa wa tatu kwenye foleni. Nassir alisoma karatasi kutoka juu hadi chini. Niliona anapita kidole kwenye kila namba. Aliuliza kama Paulo anapata choo vizuri, kama anashtuka, kama analia akiguswa nyonga, kama dawa zake za kifafa anazipata kila siku. Kishiwa alijibu vyote. Nilitoa chupa nikamwonyesha.

"Hii msimpe," alisema. "Anakunywa dawa ya kifafa, na hiyo nayo inalaza. Zikikutana zinaweza kumpunguzia pumzi. Dawa ya usingizi, kama itahitajika, ataamua daktari, sio duka." Akaigeuza karatasi upande wa pili, ambao ulikuwa mtupu. "Na mchana je? Mchana analala saa ngapi?"

Katika siku zote zile sikuwahi kuuliza.

"Mchana halali," Kishiwa alisema. "Anakaa kwenye kiti chake. Si ndiyo, wifi?"

Kiti hicho kilitengenezwa na fundi seremala kwa vipimo vya Nassir, kina mikanda ya kifuani na meza ndogo mbele.

"Anakaa," alisema Agness.

Nassir akasema basi amlaze kwenye godoro amtazame nyonga. Mara mgongo ulipogusa godoro, Paulo alikaza mwili mzima. Kichwa kilirudi nyuma, mikono ikapanda, akapiga ukelele ambao uliwageuza watu wote wa kwenye foleni. Kishiwa akashika miguu, Nassir akashika mabega, na mtoto akazidi kunyooka kama ubao.

Hapo Agness akasimama. Sijui kama aliamua au mwili wake ndio ulioamua. Alimtoa mikononi mwao, akainama, akamrusha mgongoni kwa mzunguko mmoja wa kiuno, mbeleko ikapita chini ya makalio na juu ya kifua, fundo likakaa. Ilichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kufunga kamba ya kiatu. Miguu ya Paulo ilikuwa imekunjwa na kukumbatia kiuno chake, magoti juu. Agness alitikisika taratibu, mguu huu, mguu ule. Mtoto akapunguza kilio. Vidole vyake, ambavyo huwa vimefumbwa, vilifunguka kimoja kimoja juu ya bega la shangazi yake. Kabla Nassir hajamaliza kuandika, Paulo alikuwa amelala.

"Mnambeba hivi kila siku?" Nassir aliuliza.

"Hapana," alisema Kishiwa. "Tuliacha tangu mwezi wa pili. Wewe mwenyewe ulikataza mgongo."

Nassir alitafuta kwenye kumbukumbu zake. "Mama, mimi nilikukataza wewe, kwa sababu ulikuja ukilalamika kiuno. Sikusema mtoto asibebwe na mtu yeyote."

Kishiwa alimtazama wifi yake. Agness alikuwa anatazama sakafu, lakini hakuacha kutikisika.

"Wifi?"

"Mnataka nisemeje?" Agness alisema. "Nikimweka kwenye kiti analia. Nikimbeba ananyamaza. Nimwache alie kwa sababu daktari kasema? Ukitoka tu namfunga mgongoni, tunavuka reli, tunakwenda kwenye bustani yangu ya mchicha. Napalilia naye. Namwagilia naye. Watu wananicheka, 'Agness, mtoto mzima huyo, mtue utavunjika.' Nawaambia vunjikeni nyinyi."

"Na analala?" Nassir aliuliza.

"Analala."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka karibu mama yake arudi. Namuosha uso, namweka kwenye kiti."

"Miezi minne, wifi," Kishiwa alisema. Sauti yake haikupanda. "Miezi minne nakuuliza amelala, unaniambia hajafumba jicho."

"Ningesema analala, ungeuliza analala wapi."

Nassir hakuwagombeza. Alituambia mambo mawili kwa utaratibu, nami niliyaandika. La kwanza, mtoto akilala kwa muda wa saa tano nzima mchana, usiku hana usingizi wa kutosha uliobaki. Mchana apewe muda mfupi tu baada ya chakula, na asubuhi awe kwenye mwanga na watu. La pili lilimfanya avute kiti akae. Alisema mwili wa Paulo ukinyooka chali unakaza, ukikunjwa unalegea, na shangazi yake ameligundua hilo bila kufundishwa. Kwa hiyo usiku asilazwe chali. Alazwe ubavu, magoti yakunjwe, kanga iliyoviringishwa iwekwe katikati ya miguu na nyingine nyuma ya mgongo. Alimtoa Paulo mgongoni, akamlaza hivyo aonyeshe.

"Siyo hivyo," Agness alisema. "Goti la kushoto lipande kidogo. Na kidevu kishuke."

Nassir akaondoa mikono yake. "Tuonyeshe wewe."

Njia nzima ya kurudi nilikwenda katikati yao. Kishiwa alikuwa na sababu ya kukasirika, na alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuogopa, maana bila Agness hakuna maziwa, na mwenye kumkunja Paulo vile ni mmoja tu. Wifi mkubwa hakaripiwi, lakini pia haombwi kirahisi.

Saa kumi na mbili jioni niliona mfuko wa salfeti wa Agness umewekwa mlangoni, umefungwa. Kishiwa alikuwa amesimama mbele yake.

"Nakwenda Rudewa kwa Wasukuma wenzetu," Agness alisema. "Mwizi hakai kwenye nyumba aliyoiibia. Nimekuibia usingizi miezi minne."

"Basi rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Ulichoiba. Huwezi kuiba kisha ukaondoka nacho. Ingia ndani unionyeshe hilo goti." Kishiwa aliunyanyua mfuko mwenyewe akaurudisha chumbani. Nilimsikia Agness akisema kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu, kisha akaingia.

Usiku ule zilikuwa punje nane. Ijumaa, nane. Jumamosi, saba. Kishiwa alinitazama nikihesabu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Haifanyi kazi," alisema.

"Nassir alisema tusubiri wiki mbili."

"Sina wiki mbili. Nina siku sita."

Mchana ndio ulikuwa mgumu. Paulo alizoea mgongo, na kumweka macho ilikuwa vita. Walimpeleka na kiti chake kwenye kibaraza cha mashine ya baba yake asubuhi, penye jua na watu. Shimba hakupenda mwanzoni. Siku ya kwanza Paulo alilia mpaka wanawake wa foleni wakaanza kutoa ushauri. Siku ya pili alilia kidogo. Siku ya tatu mteja mmoja mzee alisimama mbele ya kiti, akavua kofia.

"Shimba, huyu ndiye meneja mpya?"

"Ndiye."

"Bosi, mfanyakazi wako anatupunja unga."

Paulo alicheka kwa mwili mzima. Kutoka hapo kila mteja alimripoti Shimba kwa meneja. Saa sita Agness alimlisha, akambeba dakika arobaini kwa saa ya simu yangu, akamtua.

Jumatatu punje sita. Jumanne sita. Jumatano nane, kwa sababu alikuwa na mafua. Alhamisi tano. Ijumaa tano.

Bibi Paulina alishuka kwenye gari Jumamosi mchana, na mkeka mpya mgongoni wa kulalia mjukuu. Tulimpa shikamoo, akaitikia kila mmoja kwa jina. Kishiwa alimpikia wali na kuku, akamtengea, akakaa chini akimtazama akila. Nguo za Paulo alikuwa amezifua lakini hakuzikunja. Bibi alisema usiku ule atalala chumba kimoja na mtoto, wazoeane kabla ya safari ya Jumapili.

Asubuhi niliitwa nije na karatasi yangu. Shimba na mama yake walikuwa wamekaa uani. Bibi alikuwa anasema kwa Kisukuma, polepole, na Kishiwa, ambaye alikuwa amesimama karibu nami na dumu tupu mkononi, alinitafsiria kwa kunong'ona.

"Anasema Paulo ameamka mara nne. Mara ya pili alijaribu kumkunja mwenyewe, akashindwa kumnyanyua. Anasema, 'Nilikuja kuchukua mtoto, mmenionyesha kazi ya watu watatu. Nikienda naye, mwezi hautaisha, mtakuja kunizika mimi au kumzika yeye.'"

Akaliweka dumu chini.

Shimba alijibu kwa Kiswahili, kwa hasira. "Sasa mama, na mkono wangu? Mashine hainisubiri nilale."

Bibi akahamia Kiswahili naye, nadhani ili tusikie wote. "Wewe hulali. Usiku kucha nimekusikia ng'ambo ya ukuta ukijigeuza na kuguna. Mtoto akilia uko macho. Mama yake akimbembeleza uko macho. Kama uko macho, si uinuke?"

"Mimi sijui kumkunja."

"Mkanda wa mashine ulizaliwa unaujua?"

Agness alicheka jikoni, akajizuia. Shimba aliangalia mkono wake. Kisha akaniuliza, si mama yake wala mke wake, "Mama Goodhope, hizo nne zilikuwa saa ngapi?"

Karatasi yangu haikuwa na saa, lakini Bibi alizijua, maana hakulala. Mbili kabla ya saa saba usiku, mbili baada yake. Shimba akasema mashine hufunguliwa saa mbili asubuhi. Atachukua kuanzia anapolazwa mpaka saa saba usiku. Kishiwa atachukua kuanzia hapo mpaka aondoke kufuata maziwa. Alisema hivyo kama mtu anayekubali kubeba gunia la jirani.

Bibi aliondoka Jumatatu. Mkeka aliuacha. Jioni Agness alimfundisha kaka yake, na sauti yake ilifika kwangu yote: "Goti la kushoto! La kushoto, Shimba, hilo ni la kulia. Kidevu. Usimkamate kama gunia la pumba."

Alfajiri ya Jumanne Kishiwa alikuja kwenye ua akiwa amejifunga kitenge kizito.

"Ngapi?" niliuliza.

"Tatu. Mbili za baba yake."

"Aliamka kweli?"

"Aliamka. Alimkunja vibaya, akamkunja tena."

"Na wewe ulilala?"

"Nililala chini ya blanketi nikisikiliza kama amelipandisha goti." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Lakini Mama Goodhope, Julai inaingia na baridi, na baridi ndiyo humkaza. Unafikiri itabaki tatu?"

Nilimwambia sijui. Bodaboda yake ilikuwa imeshafika inapiga honi, akachukua madumu yake akaenda.